Azma Hupimwa Mfungo Mosi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, kila mwaka mwezi wa Ramadhani misikiti yetu hujaa watu, na nyoyo za watu hujaa nia. Huyu huazimia kuhitimu Qur'an. Yule, mtu mzima mwenye wajukuu, huazimia kuketi chini ajifunze herufi za Kiarabu ambazo hakuzipata utotoni. Mwingine huazimia kuacha sigara, au kulipa deni la muda mrefu, au kuanza kuweka akiba ya Hijja. Nia hizi ni za kweli, na hatuna sababu ya kuzitilia shaka. Mtu aliyelia katika kisimamo cha usiku hakuwa akiigiza. Lakini ukiingia msikiti uleule siku ya kumi ya Mfungo Mosi, utakuta safu za Alfajiri zimepungua zikawa mbili, na darasa la watu wazima lililojaza jamvi zima limebakiwa na mwalimu na wanafunzi wawili watatu.

Jibu lililozoeleka mimbarini ni kwamba imani imepungua. Hatukatai kwamba imani huzidi na hupungua. Hiyo ni itikadi ya Ahlus-Sunna. Lakini jibu hilo likiachwa peke yake humwacha muumini palepale alipokuwa, na aibu juu yake. Ameambiwa kuwa ni mgonjwa, hakuambiwa dawa. Nasi tunaamini kwamba dawa imo katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), tena imeelezwa wazi, na inafaa kila jamaa iisome kabla haijafika Ramadhani nyingine.

Nia na azma si kitu kimoja

Neno azma na ndugu yake azimio, tulilolizoea katika mikutano yetu, yametoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kukata shauri na kulishikilia. Qur'an imelitumia neno hilo mahali pazito. Katika Surat Twaha, aya ya 115, tunasimuliwa kwamba baba yetu Adam (A.S.) alipewa ahadi, akasahau, na hakukutwa na azma. Hatuambiwi hapo kwamba Adam hakuamini, wala kwamba hakupenda kumtii Mola wake. Alisahau, na azma hakuwa nayo. Huo ni udhaifu wa kale wa mwanadamu, na sisi wanawe tumeurithi. Na katika Surat Aal Imran, aya ya 159, Mtume (S.A.W.) anaamrishwa ashauriane na masahaba zake, kisha akishaazimia amtegemee Allah. Kushauriana kwanza, azma pili, kutegemea tatu. Watu wengi hupenda kuanzia hapo pa tatu.

Ni kweli kwamba katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), imepokewa kuwa anayekusudia jema kisha asilitende huandikiwa jema moja kamili. Hiyo ni fadhila ya Allah, nasi hatuipunguzi. Lakini thawabu ya nia hailipi deni la jirani, haimfundishi mtu kuisoma Alhamdu sawasawa, wala haimtoi sigara mdomoni. Hadithi hiyohiyo inaendelea kusema kwamba anayekusudia jema na akalitenda huandikiwa kumi, hadi mia saba, hadi zaidi ya hapo. Baina ya moja na kumi ndipo ilipo azma.

Kwa ufupi tunasema hivi: azma ni nia iliyopewa vitu vitatu, navyo ni kipimo, wakati na njia ya kurejea. Nia iliyokosa kimoja katika hivyo ni nadra kuuona mwisho wa Mfungo Mosi.

Inshaallah iliyogeuzwa maana

Kabla ya kuvieleza vitatu hivyo, lipo neno moja linalopasa kusafishwa. Katika Surat Al-Kahf, aya za 23 na 24, Mtume (S.A.W.) anakatazwa kusema kuwa atafanya jambo kesho bila ya kuliambatanisha na matakwa ya Allah. Neno Inshaallah basi limewekwa ili mja aifunge ahadi yake kwa Mola wake na ajue kwamba uwezo si wake. Leo katika miji yetu neno hili limekuwa adabu ya kukataa. Fundi cherehani akiulizwa kanzu itakuwa tayari lini, husema Inshaallah Ijumaa, naye mwenye kanzu huondoka akijua kuwa Ijumaa hiyo atavaa kanzu ya zamani. Mdaiwa husema Inshaallah mwisho wa mwezi. Anayealikwa darasani husema Inshaallah nitakuja, na kila aliyemsikia anafahamu kwamba hatakuja.

Mwenye kusema Inshaallah na huku hajapanga saa, wala siku, wala hatua ya kwanza, hajamtegemea Allah, amemsingizia. Na tuzingatie kwamba aya ileile inamalizia kwa kumwamrisha Mtume amkumbuke Mola wake pindi atakaposahau. Kusahau kumetajwa pamoja na ahadi yenyewe, ili mtu ajue tangu mwanzo kwamba atasahau, na kwamba akisahau ipo njia ya kurudi.

Kipimo: kidogo kidumucho

Bibi Aisha (R.A.) amepokea, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba amali zinazopendeza zaidi mbele ya Allah ni zile zinazodumishwa hata zikiwa chache. Hadithi hii inajulikana na wengi na inafuatwa na wachache, kwa sababu moyo unapochemka hauridhiki na kidogo. Anas (R.A.) anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Alipouliza, akaambiwa kuwa ni ya Bibi Zaynab, ambaye akichoka kusimama katika swala huishikilia. Akaamuru ifunguliwe, akaelekeza kwamba mtu aswali wakati ana nguvu, na akichoka aketi.

Lakini fundisho kubwa kuliko yote katika mlango huu ni kisa cha Abdullah bin Amr bin Al-As (R.A.), alichokisimulia mwenyewe na Bukhari akakipokea. Alikuwa kijana, akaapa kufunga kila siku na kusimama kila usiku maisha yake yote. Habari zikamfikia Mtume (S.A.W.), naye akamwita. Akamwambia kwamba hilo hataliweza, na kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, mkewe ana haki na mgeni wake ana haki. Akamwelekeza afunge siku tatu kila mwezi. Abdullah akasema anaweza zaidi. Akaongezewa, akasema anaweza zaidi, hadi akafikishwa kwenye funga ya Nabii Daud (A.S.), siku moja kufunga na siku moja kula, akaambiwa kwamba hakuna iliyo bora kuliko hiyo. Katika kusoma Qur'an ikawa vivyo hivyo: alianza kwa kuelekezwa ahitimu mara moja kwa mwezi, naye akaomba nyongeza hadi akafika kuhitimu kila siku saba.

Miaka ikapita. Abdullah akawa mzee na nguvu zikamwishia, akawa akisema kwamba laiti angeikubali ile ruhusa ya Mtume. Na je, aliacha? Hakuacha. Ile sehemu ya Qur'an aliyokusudia kuisoma usiku, alikuwa akiisoma mchana mbele ya mmoja wa watu wa nyumbani kwake, ili usiku iwe nyepesi kwake. Na akitaka kupata nguvu, alikuwa akila siku kadhaa mfululizo, akizihesabu, kisha akafunga idadi ileile, kwa kuchukia kuliacha jambo aliloagana na Mtume (S.A.W.) akiwa nalo.

Ndugu Waislamu, katika kisa hiki kuna mambo mawili kwa kila mwenye lengo. La kwanza ni kwamba kipimo huchaguliwa kwa kuutazama uzee na siku ya homa, wala si kwa kuutazama usiku wa ishirini na saba. La pili ni kwamba mtu aliyezidiwa na kipimo chake hakukitupa: alikigawa, alikisogeza, akahesabu. Tena huyu Abdullah ndiye aliyeusiwa na Mtume (S.A.W.) asiwe kama fulani, aliyekuwa akisimama usiku kisha akaacha kisimamo cha usiku. Jina la mtu huyo limesitiriwa mpaka leo, na sisi tujifunze kusitiri, lakini kosa lake limetajwa ili kila mtu ajitazame.

Qur'an yenyewe ilishuka kwa miaka 23. Makafiri waliuliza kwa nini haikushushwa yote kwa mara moja, na jibu limo katika Surat Al-Furqan, aya ya 32: ni kwa ajili ya kuuthibitisha moyo wa Mtume. Ikiwa Mola Mwenye uwezo wa kila kitu aliuthibitisha moyo wa mbora wa viumbe kwa mafungu, vipi mtu wa kawaida atake kubadili maisha yake kwa usiku mmoja? Imamu Malik amenakili katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) alikaa miaka 8 akijifunza Suratul Baqara peke yake. Huyo alikuwa sahaba, mwana wa sahaba, na Kiarabu ni lugha ya mama yake.

Basi tupige hesabu. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Mwenye kusoma kurasa mbili baada ya kila swala ya faradhi husoma kurasa 10 kwa siku, na huhitimu kwa takriban miezi miwili. Juzuu Amma ina sura 37 zenye aya 564, na nyingi katika hizo ni aya fupi. Mwenye kuhifadhi aya moja tu kila siku huimaliza kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Mwenye miaka 50 akianza leo, ataimaliza kabla hajafika 52, Allah akimpa uhai. Miaka hiyo miwili itapita, ahifadhi au asihifadhi.

Wakati: swala tano ni misumari

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 103, tunafahamishwa kwamba swala imefaradhishwa kwa waumini kwa nyakati maalumu. Allah hakutuamrisha tuswali tukipata nafasi. Angalikuwa ametuachia nafasi zetu, ni wangapi wangeswali? Basi mwenye lengo asiseme atalifanya akipata nafasi, kwani nafasi haipatikani, hutengwa.

Bilal (R.A.) aliulizwa na Mtume (S.A.W.) ni amali gani anayoitarajia zaidi, kwani Mtume alisikia mvumo wa viatu vyake mbele yake Peponi. Akajibu kwamba hakutawadha wakati wowote, usiku wala mchana, ila aliswali kwa udhu huo kadiri alivyojaaliwa. Amali yake haikuhitaji siku maalumu wala darasa. Aliitundika kwenye jambo alilokuwa akilifanya kila siku, ndiyo maana haikumponyoka. Swala tano ni misumari mitano iliyokwisha kupigiliwa katika siku ya kila Mwislamu, na mwenye busara hutundika lengo lake kwenye mmojawapo.

Lakini msumari uchaguliwe kwa kutazama hali ya mtu. Mvuvi anayeingia baharini usiku hawezi darasa la baina ya Magharibi na Isha. Mama anayeamka alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza hana robo saa baada ya swala ya Alfajiri, ila huenda anayo baada ya Adhuhuri, wateja wakishatawanyika. Kumlaumu mtu kwa kukosa wakati ambao maisha yake hayana si nasaha. Aulizwe wakati wake uko wapi, na lengo lipelekwe huko.

Njia ya kurejea

Hapa ndipo azma nyingi zinapofia. Watu hudhani kwamba azma hufa siku ya kwanza iliyokosekana. Siyo. Hufa siku ya pili, mtu anapoona haya kurudi. Shetani hamwambii aache Qur'an. Humwambia kwamba yeye alikuwa Mwislamu wa Ramadhani tu, kwamba kurudi kwake ni unafiki, kwamba wenzake wamekwisha kumtangulia kurasa nyingi. Humjia kwa sura ya unyenyekevu, na mtu akamkubalia.

Sunna imelifunga shimo hili mapema. Umar bin Al-Khattab (R.A.) amepokea, kama ilivyo katika Muslim, kwamba mwenye kulala akapitwa na uradi wake wa usiku, kisha akausoma baina ya swala ya Alfajiri na ya Adhuhuri, huandikiwa kama aliyeusoma usiku. Na Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) akizidiwa na usingizi au maumivu akakosa kisimamo cha usiku, aliswali mchana rakaa kumi na mbili. Mtume mwenyewe alipitwa, na alikuwa na njia aliyoizoea ya kurejea. Ama aliyezuiwa na maradhi au safari, imo katika Bukhari kwamba huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkazi. Fadhila hii kubwa inamhusu aliyekuwa na mazoea. Asiyekuwa na uradi wowote, maradhi yakimjia, ataandikiwa mfano wa nini?

Katika Surat An-Nahl, aya ya 92, waumini wanakatazwa kuwa kama mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua vipande vipande. Aya hiyo imekuja katika kuzungumzia ahadi na viapo, na mfano wake unatufaa hapa pia. Mwanamke yule hakulaumiwa kwa kuchoka kusokota. Amelaumiwa kwa kufumua alichokwisha kukisokota. Mwenye kuacha sigara kwa siku 20, kisha akateleza akavuta moja, zile siku 20 hazikufutwa na sigara hiyo. Zinafutwa na pakiti atakayoinunua kesho yake kwa kukata tamaa.

Kwa hiyo kila anayeweka lengo aamue siku ileile ya mwanzo atafanya nini siku atakayolikosa. Aliyekosa kurasa za Alfajiri atazisoma lini? Aliyekosa darasa la Jumamosi atamwendea nani amweleze lililosomwa? Na tunatahadharisha juu ya wale wanaojifunga kwa nadhiri wakidhani itawasukuma. Imepokewa katika Sahihi mbili kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza nadhiri na akabainisha kwamba haileti kheri, ila ni njia ya kumtoa bakhili kitu chake. Aliyeweka nadhiri ya utiifu ni wajibu aitimize. Lakini aliye huru na asijitie kitanzi. Kipimo kidogo chamtosha.

Lengo lipi litangulie

Mtu akiwa na malengo mengi, aanze na yale yenye haki ya mwingine ndani yake. Wapo wanaohifadhi sura mpya na huku wanadaiwa. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari tatu bila ya kuacha kitu cha kulilipa, akawaamuru masahaba wamswalie, yeye hakumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitwika deni lile. Mdaiwa mwingi hungoja apate pesa zote kwa pamoja, kwa kuona aibu kupeleka kidogo. Lakini deni la shilingi laki moja na ishirini likilipwa elfu kumi kila mwezi huisha kwa mwaka mmoja. Wapo waliokaa miaka mitano wakingoja hiyo laki na ishirini, na wakivuka barabara ili wasionane na anayewadai.

Vivyo hivyo mwanamke mwenye siku za kadha. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba alikuwa akizilipa katika Shaaban, kabla ya Ramadhani nyingine kuingia. Mwenye siku saba, akifunga moja kila mwezi, huzimaliza kabla ya Shaaban. Na wasiya je? Ibn Umar (R.A.) alipomsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kwamba haimpasi Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala nyusiku mbili bila ya wasiya wake kuwa umeandikwa, alisema kwamba tangu siku hiyo haukumpitia usiku ila wasiya wake uko naye. Hili ni lengo la saa moja na karatasi moja, na mirathi ngapi zimezua ugomvi kwa kukosa karatasi hiyo!

Urithi wa wanavyuoni wetu

Wasiodhani kwamba haya ni ya masahaba tu watazame pwani yetu wenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, ambaye mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah kuwaamsha Waislamu, aliianza kazi ya kuifasiri Qur'an kwa Kiswahili. Mauti yakamfika mwaka 1947 kabla hajaikamilisha. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyefuata njia yake ya kurekebisha, naye akaishika kazi hiyo. Alikuwa mwalimu wa skuli, mwenye madarasa na majukumu mengi. Tafsiri yake ilikuwa ikitoka kwa mafungu. Yakaja mapinduzi ya mwaka 1964. Mwaka 1967 akahamia Kenya, na mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu. Katika misukosuko hiyo yote kalamu haikuanguka, na mwaka 1969 tafsiri nzima ikatoka Nairobi kwa jina la Qurani Takatifu. Nyumba nyingi za Waislamu wa Afrika Mashariki zingali na msahafu huo rafuni.

Mmoja alianza na ajali haikumngoja. Mwingine alikwenda kwa mafungu mpaka mwisho. Wote wawili, tunataraji, wamo katika malipo. Mwenye kufa njiani hakushindwa. Aliyeshindwa ni yule aliyeketi kando ya njia.

Wajibu wa jamaa

Tumesema mengi juu ya mtu mmoja mmoja, na hatutakuwa waadilifu tukiusahau msikiti. Msikiti unaoamsha nia za watu katika Ramadhani kisha ukazima taa unabeba sehemu ya lawama. Salman (R.A.) alimzuru nduguye Abu Dardaa, akamkuta amejipita kiasi kwa kufunga na kusimama usiku hata akamsahau mkewe. Salman alilala kwake, akamzuia kusimama mwanzo wa usiku, akamwamsha mwisho wake wakaswali pamoja. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.), akamsadiki Salman. Huo ndio udugu: kumjua mwenzako anafanya nini, kumpunguzia kilichomzidi, na kumwamsha wakati wake ufikapo.

Tunapendekeza basi mambo matatu kwa kamati za misikiti. Kwanza, darasa la watu wazima lianze katika Mfungo Mosi, si katika Ramadhani, na lipangwe kwa kutazama kazi za watu wa mtaa huo. Pili, kila mwanafunzi awe na mwenzake mmoja, na asipoonekana mara mbili, mwenzake aende nyumbani kwake kumjulia hali. Aende peke yake, wala jina la asiyekuja lisitajwe mbele za watu. Tatu, wenye nia ya Hijja wawekewe utaratibu wa akiba. Nchini Malaysia wanakijiji walikuwa wakiuza mashamba na mifugo ili wafike Makka, na wakirudi hukuta ufukara unawangoja. Mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz akapendekeza chombo cha kuweka akiba bila riba. Kilianza kazi mwaka 1963, na leo, kwa jina la Tabung Haji, kina mamilioni ya watu wenye akiba. Hatuna uwezo wa dola, lakini kina mama wetu wanaoendesha upatu kwa uaminifu miaka nenda miaka rudi hawashindwi kuendesha mfuko wa Hijja wenye daftari na mashahidi.

Harakati yetu inazungumza juu ya kuurekebisha umma. Neno hilo ni kubwa. Katika Surat Ar-Raad, aya ya 11, tunafundishwa kwamba Allah habadilishi yaliyoko kwa watu mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Umma hautarekebishwa na maazimio yanayofungiwa katika faili. Utarekebishwa na mzee aliyemaliza herufi zake 28, na mdaiwa aliyepeleka elfu kumi yake ya kumi na mbili, na mama aliyefunga siku yake ya mwisho ya kadha bila mtu yeyote kujua.

Tunamwomba Allah (S.W.) atupe azma katika uongofu, atuthibitishe katika kidogo tulichokianza, aturejeshe kila tunapoteleza, na atufishe tukiwa njiani kuelekea Kwake. Amin.

Wabillahi tawfiq.